Namba 2147483647: imetoka wapi, na kwa nini watu wanaizungumzia hivi?

#1 Karani wa Ushirika
Wakuu habarini. Naomba msaada na elimu kwa pamoja.

Chama chetu cha akiba na mikopo kimehamisha orodha ya wanachama kutoka Excel kwenda kwenye mfumo mpya uliotengenezwa na kijana mmoja hapa mjini. Leo tumejaribu kutuma ujumbe wa mkutano mkuu, hakuna aliyeupata. Kufungua orodha, kila mwanachama ana namba moja ya simu: 2147483647. Mwenyekiti, mweka hazina, mama wa genge, wote wana namba hiyohiyo. Kwenye Excel namba zilikuwa sahihi, zimeanza na 255 kama kawaida.

Kilichonishangaza zaidi, nimeitafuta mtandaoni nikakuta ina historia ndefu, eti ni namba tasa na kuna mtu aliithibitisha miaka ya 1700. Imefikaje kwenye daftari letu?

#2 FundiMifumo
Mkuu, kolamu ya simu imewekwa aina ya INT, yaani namba kamili. INT inakaa kwenye biti 32, yaani nafasi 32 za kuweka 0 au 1. Biti moja inaonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31 za kubeba namba yenyewe. Biti 31 zikiwa zote ni 1 unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, ambayo ni 2,147,483,647. Juu ya hapo hakuna nafasi.

Namba ya simu ikianza na 255 ina tarakimu 12, yaani ni zaidi ya bilioni 255. Kanzidata imeona haiingii, ikaandika kubwa kuliko zote inayoiweza. Ndiyo maana wote wanalingana.

#3 Siti ya Mbele
Nimekaa paleee. Endeleeni.

#4 Mzee wa Java
#2 umeruka kitu. INT ikizidi haibaki kileleni, inageuka kuwa hasi. Chukua 2147483647 ongeza 1 unapata -2147483648. Wangeona namba hasi, siyo hii.

#5 FundiMifumo
Hiyo ni kwenye lugha kama Java, unapojumlisha ndani ya programu. Kanzidata ya MySQL ikipokea namba kubwa kuliko kolamu, na haijawekwa kwenye hali kali (strict mode), inaibana kwenye kikomo na kutoa onyo dogo ambalo hakuna anayelisoma. Toleo la 5.7 na kuendelea hali kali huwa imewashwa yenyewe, ingekataa na kutoa kosa. Kwa hiyo ama seva yao ni ya zamani, ama kuna mtu aliizima ili makosa yaache kumsumbua.

#6 Karani wa Ushirika
Nimempigia kijana. Anasema haiwezekani, kwa sababu ameandika INT(15), kwa hiyo kuna nafasi ya tarakimu 15.

#7 Dev wa Thika
Hapo ndipo wengi huanguka. Ile nambari kwenye mabano haiongezi nafasi hata kidogo. Ni upana wa kuonyesha tu, mambo ya kujaza sifuri mbele. INT(1) na INT(15) zote zinabeba kikomo kilekile. Nimeona mfumo wa karo za shule hapa kwetu wenye shida hiyohiyo, wazazi wote wamepewa nambari moja, na sisi tunaanza na 254.

Mwambie nambari ya simu haijumlishwi wala haizidishwi, kwa hiyo isihifadhiwe kama nambari. Aweke VARCHAR, yaani maandishi. Hata ile sifuri ya 07 itapona.

#8 Mwalimu Kipeuo
Shukrani kwa mafundi. Naomba nijibu upande wa pili wa swali, maana hii ni moja ya namba ninazozipenda kuliko zote.

Ndiyo, ni namba tasa. Haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, kwenye barua ya mwaka 1772. Lakini kuna waliotangulia kuitaja. Mwitaliano Cataldi, mwanzoni mwa miaka ya 1600, alidai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa, yaani 2 kwa kipeo hicho, toa 1. Mfaransa Fermat mwaka 1640 akaonyesha 23 na 37 si kweli: kipeo cha 23 kinatoa 8388607, ambayo ni 47 mara 178481. Euler mwenyewe akaiangusha ya 29, ambayo ni 233 × 1103 × 2089. Katika zile nne ikabaki 31 peke yake, na ndiyo ikasimama.

Mtawa wa Kifaransa Mersenne naye aliiweka kwenye orodha yake ya 1644, na ndiye aliyeachia jina lake namba za aina hii.

#9 Kichwa Ngumu
Mbona rahisi tu. 31 ni namba tasa, kwa hiyo 2 kwa kipeo cha 31 toa 1 lazima iwe tasa. Huyo Euler alihangaika bure.

#10 Binti Pandani
Kichwa Ngumu jina limekufaa. Chukua 11, ni namba tasa. 2 kwa kipeo cha 11 ni 2048, toa 1 ni 2047. Sasa gawanya kwa 23, unapata 89 kamili. Na Mwalimu hapo juu kakuwekea 23 na 29, zote tasa na zote zimeanguka.

Ukweli uko upande mmoja tu: kipeo kisipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa, bado unatakiwa kupima.

#11 Kichwa Ngumu
Sawa dada, nimepokea. Sasa alipimaje bila kompyuta? Au alianza kugawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5 mpaka bilioni?

#12 Mwalimu Kipeuo
Swali zuri, na jibu lake ndiyo sehemu tamu.

Kwanza, hufiki bilioni. Namba ikiwa na vigawo, kimoja lazima kiwe chini ya kipeuo cha pili chake, na hapa kipeuo cha pili ni kama 46,340. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Bado ni kazi kubwa kwa kalamu na karatasi.

Euler akafunga milango mingi kabla ya kuanza. Tuseme q ni namba tasa inayoigawanya. Basi ukigawanya 2^31 (yaani 2 kwa kipeo cha 31) kwa q, baki ni 1. Fermat alishaonyesha kwamba 2^(q−1) nayo ina baki 1. Mabaki ya 2, 4, 8 na kuendelea hujirudia kwa mzunguko, na kwa kuwa 31 ni tasa, mizunguko hii miwili haiwezi kupatana isipokuwa 31 inagawanya q−1. Na q ni witiri, kwa hiyo q−1 ni shufwa, na 62 inaigawanya pia. Kwa hiyo q lazima iwe 62k + 1. Namba nyingine zote hazina haja ya kuguswa.

Halafu kuna mlango wa pili. 2^32 ina baki 2, maana yake 2 ni mraba wa 2^16 ukihesabu kwa mabaki ya q. Hilo linatokea tu pale q ikigawanywa kwa 8 inapobakiza 1 au 7. Ukiunganisha masharti mawili, zinabaki namba za sura mbili tu: 248k + 1 na 248k + 63.

Tufanye za mwanzo. 63 yenyewe si tasa. 249 ni 3×83, toka. 311 ni tasa, ipimwe. 497 ni 7×71. 559 ni 13×43. 745 inaishia na 5. 807 ni 3×269. 993 ni 3×331. 1055 inaishia na 5. 1241 ni 17×73. 1303 ni tasa, ipimwe.

Mmeona? Mpaka 1303 kuna namba mbili tu za kupima! Ya kwanza: 311 × 6905092 ni 2147483612, baki 35. Haikuingia. Ya pili: 1303 × 1648107 ni 2147483421, baki 226. Haikuingia. Unaendelea hivyo hadi 46,340. Za sura hizo mbili ziko kama 373 tu, na nyingi zinaanguka zenyewe kwa 3, 5 na 7.

#13 Siti ya Mbele
Aisee. Nimetoa kalamu nimezijaribu hizo mbili, ni kweli kabisa. Sekondari hatukuwahi kuonyeshwa hisabati kwa njia hii.

#14 Mjukuu wa Fundi Saa
Kuna jambo mmelisahau. Mwaka 1772 Euler alikuwa karibu haoni kabisa. Jicho la kulia lilipotea miaka ya 1730, la kushoto likapata mtoto wa jicho. Kwa hiyo hizo hesabu zote alizifanya kichwani.

#15 Binti Pandani
La upofu ni kweli. La kuzifanya zote kichwani usilipeleke mbio. Nyumbani alikuwa na mwanawe mwanahisabati, na Chuo cha Sayansi kilikuwa na wasaidizi waliomwandikia. Kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu, hilo hakuna anayelipinga, lakini barua inatoa matokeo na njia, haisemi nani alishika kalamu.

#16 Mjukuu wa Fundi Saa
Mimi nabaki na msimamo wangu. Mtu aliyeshajua kwamba vigawo ni vya sura mbili tu, na ana kumbukumbu ile, kugawanya mara nyingi hivyo kichwani si jambo la kumshinda.

#17 Mzee wa Java
Nasikia ilikaa miaka karibu mia moja kama namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Mpaka 1867, Mfaransa Landry alipopata 3203431780337.

#18 Mwalimu Kipeuo
Hapo pana mzozo, mkuu. Mwanahisabati Clausen aliandika mwaka 1855, kwenye barua kwa mwenzake Gauss, kwamba 2^64 + 1 ni 274177 × 67280421310721, na kwamba kile kigawo kikubwa ni tasa. Ukiikubali barua, utawala wa Euler unaishia 1855. Ukitaka kilichochapishwa, unakwenda hadi 1867. Wanahistoria wanaandika yote mawili.

Kinachonifurahisha ni Mwingereza Barlow. Mwaka 1811 aliiangalia namba timilifu inayotokana na hii yetu. Timilifu ni namba ambayo vigawo vyake, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha, kama 6 ambayo ni 1+2+3. Ukizidisha 2^30 kwa 2147483647 unapata 2305843008139952128, nayo ni timilifu. Barlow akaandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa sababu hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Lucas akaonyesha kwamba kipeo cha 127 nacho kinatoa namba tasa, ya tarakimu 39. Oktoba 2024 ikatangazwa ya kipeo cha 136,279,841, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

#19 Dalali wa Viwanja
Tarakimu milioni 41 za nini jamani? Mimi nimekuja kuona kama simu za Saccos zimerudi.

#20 Dev wa Thika
Dalali, hii inakuhusu hata wewe. Mfumo ukihifadhi pesa kwa senti kwenye INT, kikomo ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Kiwanja kimoja tu cha mjini kinapita hapo. Hata ukihifadhi shilingi kamili, bilioni 2.1 za Tanzania au Uganda ni jumla ya kawaida kwa chama kikubwa.

Na kuna ya 2038. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku ya Greenwich, kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Zikihifadhiwa kwenye biti 32, sekunde ya 2147483647 inafika Jumanne 19 Januari 2038. Kwa Nairobi na Dar ni saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901.

#21 Mwana Shaba
Huku Lubumbashi tuko nyuma yenu kwa saa moja, kwetu itakuwa saa kumi na moja na dakika 14. Swali: simu zetu zitazima?

#22 FundiMifumo
Simu na seva za sasa nyingi zinatumia biti 64 kwa muda, hazitakuwa na neno. Mimi naogopea vifaa vidogo vinavyofungwa ukutani na kusahaulika, mageti, mita, mitambo ya viwandani. Vinavyofungwa leo vingine vitakuwa bado kazini 2038.

#23 Kijana wa Kariakoo
Si ndiyo iliyoivunja YouTube 2014? Yule Mkorea PSY wimbo wake ulipita bilioni mbili na kidogo, kihesabu cha watazamaji kikafa.

#24 Mzee wa Java
Hakikufa. Google waliiona inakuja miezi kabla, wakahamia biti 64, halafu Desemba wakatangaza na kuweka kachezo pale kwenye kihesabu. Habari ikasambaa kwamba kimevunjika.

#25 Mjukuu wa Fundi Saa
Kali zaidi ni ya ndege. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu Boeing 787: mfumo wa umeme ukiachwa umewashwa mfululizo siku 248, vidhibiti vya jenereta vinaweza kujizima vyote kwa pamoja. Piga hesabu: 2^31 za sehemu ya mia ya sekunde ni siku 248 na nusu.

Sasa rudini #12. Euler naye alikuwa na 248! Mtaniambia ni bahati?

#26 Binti Pandani
Ni bahati, babu. 248 ya Euler ni 8 × 31. Ya ndege inatokana na siku kuwa na sekunde 86,400 na mhandisi kuchagua kuhesabu kwa sehemu ya mia. Angechagua sehemu ya elfu ingekuwa karibu siku 25.

#27 Mwalimu Kipeuo
Hili ndilo nililotaka tulijadili. Je, kikomo cha kompyuta kuwa namba tasa ni bahati tu?

Mimi naona ndiyo, ni bahati. Tazameni vikomo vya saizi za kawaida. Biti 8 ni 127, tasa. Biti 16 ni 32767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Biti 32 ni hii yetu, tasa. Biti 64 ni 9223372036854775807, ambayo inagawanyika kwa 7 mara mbili, kwa 73, kwa 127 na kwa nyingine. Wahandisi walichagua saizi kwa kuongeza maradufu, hakuna aliyemuuliza Euler.

#28 Binti Pandani
Mwalimu, kwa heshima, mbona mpangilio uko wazi hapo? Saizi za maradufu, ukitoa biti ya alama, zinaacha biti 7, 15, 31, 63, 127. Hizo zenyewe ni vipeo vya 2 toa 1. Katika hizo, 7, 31 na 127 ni tasa, na zote tatu zinatoa namba tasa! Zile 15 na 63 zimeanguka kwa sababu si tasa zenyewe, 63 ni 7 × 9, ndiyo maana 127 inakigawanya kile kikomo cha biti 64. Kila palipowezekana, imetokea. Mimi hiyo siiti bahati.

#29 Mzee wa Java
Na majirani zake pia si wa kawaida. Izidishe mara mbili ongeza 1, unapata 4294967295, kikomo cha biti 32 bila alama. Hiyo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, namba zote tano za Fermat zinazojulikana kuwa tasa (namba za Fermat ni 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea maradufu, ongeza 1). Ongeza 2 unakuta 4294967297, ambayo Fermat aliamini ni tasa, Euler akaigawanya kwa 641 mwaka 1732. Mtu yuleyule, miaka arobaini kabla ya hii yetu.

#30 Dev wa Thika
Kuwa tasa kumeleta faida ya kweli pia. Kuna njia ya kutengeneza nambari za kubahatisha: chukua nambari, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, chukua baki, rudia. Park na Miller waliipendekeza 1988. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa, na 16807 imechaguliwa vizuri, unapita kila nambari kuanzia 1 hadi 2147483646 kabla ya kurudia hata moja. Kwa hiyo nusu ni bahati, nusu ni watu kuiona bahati na kuitumia.

#31 Karani wa Ushirika
Ahsanteni sana wakuu. Kijana amekubali, amebadilisha kolamu kuwa VARCHAR. Ila namba bado ni zilezile 2147483647, hazijarudi.

#32 FundiMifumo
Hazitarudi zenyewe. Zilishabanwa wakati wa kuingia, asili haimo tena kwenye kanzidata. Mwambie aziingize upya kutoka Excel. Na kabla ya kuitoa Excel, weka kolamu ya simu iwe maandishi, la sivyo itazigeuza kuwa 2.55E+11 na mtaanza upya. Lile faili la zamani msilifute.

#33 Kichwa Ngumu
Nimerudi na hoja ya Binti Pandani. Kama kila tasa ya aina hiyo ikiwekwa kuwa kipeo inatoa tasa nyingine, si tunaweza kuendelea bila mwisho? 3 inatoa 7, 7 inatoa 127, 31 inatoa hii yetu, 127 inatoa ile ya tarakimu 39.

#34 Mwalimu Kipeuo
Watu waliitegemea hiyo, na inakatika. Inayofuata ni 8191, tasa ya aina hiyohiyo. Mwaka 1953 ikapimwa kwa kompyuta kama kipeo, ikaonekana 2^8191 − 1 si tasa. Za vipeo 131071 na 524287 nazo zimeanguka, na ukiweka 2147483647 yenyewe kuwa kipeo, vigawo vimeshapatikana. Nne ulizotaja ndizo pekee zinazojulikana. Ndiyo maana nasema bahati.

#35 Binti Pandani
Umeziacha zilizobaki, Mwalimu. Chukua 2^61 − 1, ni tasa. Iweke kuwa kipeo. Idadi ya tarakimu za namba hiyo ni kama 694 ikifuatiwa na sifuri 15, na hadi leo hakuna aliyepata kigawo chake hata kimoja, wala aliyethibitisha kwamba ni tasa.

#36 Mwalimu Kipeuo
Kutopatikana kigawo si ushahidi, binti yangu. Namba hiyo kubwa hata kuiandika hakuna diski itakayoitosha, ni nani ataipima?

#37 Binti Pandani
Kigawo hakihitaji kuiandika. Njia ya #12 inatosha: kigawo lazima kiwe 2k mara 2^61 − 1, ongeza 1. Watu wanazipima moja moja sasa hivi, na k imeshakwenda mbali sana. Nitaweka hapa programu fupi ya Python, anayetaka ajaribu na 31 kwanza aone jinsi inavyofanya kazi.